Jirani, Kesho Nawasha

Mwishoni mwa Septemba, ukishuka kutoka Tengeru kuelekea Kikwe saa nane mchana, huhitaji kuuliza nani ameshavuna. Moshi utakuambia. Ule wa kushoto, mweupe na mwembamba, ni wa mtu anayechoma majani mabichi. Atahangaika nao mpaka jioni. Ule wa mbele, mzito, unaogeuka kahawia kadiri unavyopanda, ni wa mabua makavu ya mahindi, na mwenye shamba pengine hayupo. Amewasha, ametazama kidogo, ameona moto unakwenda upande anaoutaka, amekwenda zake kunywa chai. Nyuma yako Mlima Meru, wenye mita 4,566, umefifia kama picha iliyoachwa juani.

Saa nane ndiyo saa mbaya kuliko zote. Jua limekwisha kausha umande, upepo umeamka, na nyasi za kando ya mfereji zinavunjika ukizikanyaga. Kila mkulima analijua hilo. Lakini ndiyo saa ambayo wengi huwasha, kwa sababu ndipo mabua yanaposhika kwa njiti moja. Alfajiri utamaliza nusu ya kiberiti.

Nilisimama pembeni ya barabara nikahesabu moshi wa pande saba. Nikajiuliza ni upi kati ya hiyo una kibali.

Swali hilo litawachekesha wengi. Kibali cha kuchoma mabua ya shamba langu mwenyewe? Ndiyo. Tukisikia "Sheria ya Misitu" tunawaza mierezi, mbega na askari wa Wakala wa Huduma za Misitu (TFS), tunadhani inaishia pale msitu unapoishia. Sivyo. Sheria ya Misitu Na. 14 ya 2002 ina sehemu nzima inayohusu moto, na inamtaka anayekusudia kuchoma majani au vichaka nje ya mazingira ya nyumba yake apate kwanza kibali cha kuchoma. Haijalishi kwamba ardhi ni yake, wala kwamba msitu wa karibu uko kilomita nyingi juu mlimani. Juu ya hiyo zipo sheria ndogo. Chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya 1982, halmashauri ya kijiji inaweza kutunga sheria ndogo zake, zikajadiliwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji, kisha zikapelekwa halmashauri ya wilaya kuidhinishwa, ambayo kwa watu wa Kikwe ni Halmashauri ya Meru, pale Usa River. Ukipita vijiji vya Tanzania si ajabu kukuta sheria ndogo inayotaja moto, faini yake, na muda unaoruhusiwa kuchoma.

Kibali chenyewe huja na masharti ambayo mtu mwenye akili angeyafuata hata bila karatasi. Safisha ukanda kuzunguka eneo ili moto usipate pa kupitia. Uwe na watu wa kutosha. Usiondoke mpaka uzime. Na lile ninaloliona kuwa kiini cha yote: waambie wanaopakana nawe.

Nalitaja hilo kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kulivunja. Miaka kadhaa iliyopita nilikodi shamba dogo huko tambarare, ekari moja na ushee, nikalima mahindi, nikavuna, nikabaki na mabua. Sikuwa na ng'ombe. Nilikuwa na haraka ya kurudi mjini. Nikawasha mchana, upande wa juu wa upepo, kosa ambalo mtoto wa darasa la tano wa huko asingelifanya. Moto ulivuka mtaro kama mtu anayeruka dimbwi. Ukashika lundo la mabua ambalo jirani alikuwa amelinunua na kulipanga vizuri kwa ajili ya ng'ombe wake wawili wa maziwa. Watu walikimbia na matawi mabichi na ndoo, banda likapona, lundo likaisha.

Jioni mzee mwenyewe akarudi. Nikamwamkia, "Shikamoo baba," na sauti yangu haikutoka vizuri. "Marahaba." Akalitazama jivu muda mrefu. Nilitegemea anitukane, na ningestahili. Akasema tu, "Kwa nini hukuniambia, mwanangu? Ningekusaidia kuwasha."

Nilimlipa mabua ya kujaza kirikuu mbili, zile pikapu ndogo. Baadaye nikaja kusoma kwamba Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 319, kwenye kosa la kuchoma moto kwa makusudi, haitaji nyumba peke yake. Inataja hata lundo la mazao ya shamba, na adhabu yake hufika kifungo cha maisha. Mimi sikukusudia, na mzee hakuwa mtu wa mahakamani. Lakini sijalisahau lile "ningekusaidia kuwasha". Yeye kilichomuuma ni kwamba moto uliwashwa naye hajui.

Hapa lazima niwe mkweli kwa upande wa wanaochoma, maana ni rahisi kuwabeza ukiwa umekaa mjini. Mabua yanaziba plau ya trekta, na mwenye trekta hakusubiri. Analipwa kwa ekari, hana muda wa kushuka kila hatua ishirini kuyachomoa. Panya wanajificha humo. Tangu viwavijeshi vamizi vilipoingia nchini mwaka 2017, mkulima amekuwa tayari kuamini chochote kinachoahidi kuua mayai na mabuu. Na kuna jambo ambalo maofisa ugani hulisema kwa nadra: mashamba mengi ya tambarare yanakodishwa kwa msimu. Mtu aliyekodi hadi Oktoba hana sababu ya kuutunza udongo wa Novemba. Anataka aondoe uchafu, arudishe shamba, aende.

Anayelipa ni udongo. Majani yakiungua, sehemu kubwa ya naitrojeni inapanda hewani na moshi. Jivu linalobaki lina potashi na chokaa kidogo, ndiyo maana mahindi ya mwanzo huonekana kushangilia, kisha miaka miwili baadaye unanunua mfuko wa ziada wa Urea bila kujua unafidia nini. Na katika eneo la Meru, ambako ng'ombe wa ndani ni sehemu ya nyumba kama vile jiko, kuchoma mabua ni kama kuchoma noti. Yuleyule anayewasha Septemba utamkuta Februari akingojea kirikuu ya majani kando ya barabara, akibishana bei.

Moto wa shamba ukipotea njia tunauita moto kichaa. Jina limekaa vizuri, ila linampa moto lawama ambayo si yake. Moto haukuchanganyikiwa. Umefuata nyasi, upepo na mteremko, mambo matatu ambayo yote yalikuwepo kabla ya njiti.

Oktoba 11, 2020, moto ulianza Kilimanjaro eneo la Whona, kati ya vituo vya Mandara na Horombo. Ilielezwa kwamba chanzo kilikuwa wapagazi waliokuwa wakipasha moto chakula cha watalii. Ulidumu siku nyingi. Wanafunzi, wanavijiji, askari na wahifadhi walipanda kwa miguu wakiwa na matawi, mapanga na madumu, na hatimaye zilihesabiwa kilomita za mraba 95.5 zilizopitiwa na moto. Miaka miwili baadaye, Oktoba 2022, mwingine ukazuka upande wa Karanga. Mwezi ni uleule, Oktoba, mlima ukiwa umekauka na vuli haijabisha hodi.

Mtu wa Kikwe anaweza kusema huko ni kwa Wachagga. Asiseme. Mwanaikolojia Andreas Hemp, ambaye ameutafiti Kilimanjaro kwa miongo kadhaa, aliandika mwaka 2005 jambo ambalo liliwashangaza waliozoea kulilia barafu: kwamba maji yanayopotea kwa sababu moto umeteketeza msitu wa juu, ule unaokamata ukungu na kuudondosha tone kwa tone ardhini, ni mengi kuliko yanayopotea kwa barafu kuyeyuka. Meru haina barafu. Ina msitu na ukungu tu. Mito inayotoka mteremko wake wa kusini ndiyo inayojaza mifereji, na baada ya mifereji kinachobaki kinaingia Kikuletwa, kinakwenda Nyumba ya Mungu, kinakuwa Mto Pangani. Aliyewahi kungojea zamu ya maji usiku wa manane, tochi mkononi, jembe begani, akakuta mfereji una tope tu, anajua kuna kitu kimeharibika huko juu. Mara nyingine ni mtu wa juu aliyeiba zamu. Mara nyingine ni mrina asali aliyeacha mwenge wake chini ya mti miaka mitano iliyopita.

Kuna historia nyingine ya moto katika nchi hii ya Wameru, na sidhani inafaa kuzungumza vibali na ukaguzi bila kuigusa. Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki na Leguruki ili ardhi yao wapewe walowezi wa Kizungu wachache. Walipelekwa King'ori, mahali palipo na joto na mbung'o kuliko kule walikotoka. Nyumba zao zilibomolewa na kuchomwa moto. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alisafiri hadi New York kulisema jambo hilo mbele ya Umoja wa Mataifa. Kwa hiyo wapo wazee waliokua wakisikia, na wachache walioona, kwamba serikali nayo inaweza kuja na kiberiti, ikiwa na karatasi zote zimegongwa mihuri. Ukiwa ofisa kijana uliyetumwa kutoka mjini, ukashangaa kwa nini mkutano wa kijiji unakuwa mzito unapotamka maneno "kibali" na "faini", kumbuka hilo kwanza.

Sasa twende kwenye ukaguzi wa majengo, ambako mambo ni tofauti kabisa.

Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji (kwa bahati tu nayo ni Na. 14, ila ya 2007) iliweka kazi ya zimamoto chini ya jeshi moja la taifa, ndani ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Zamani kazi hiyo ilikuwa mikononi mwa halmashauri za miji, na kila mji ulikuwa na gari lake au haukuwa nalo kabisa. Sheria inawapa askari wa jeshi hilo mamlaka ya kuingia kwenye majengo na kukagua, na kanuni za ukaguzi na vyeti za 2008 ndizo zilizoleta cheti ambacho leo unakiona kimetundikwa ukutani kwenye hoteli, vituo vya mafuta, shule, ghala na nyumba za wageni. Kinalipiwa, na kinahuishwa kila mwaka.

Niliwahi kulala kwenye nyumba moja ya wageni ambayo sitaitaja. Cheti kilikuwa mapokezi, ndani ya fremu ya dhahabu, kando ya picha ya Rais. Mtungi wa kuzimia moto nao ulikuwepo: umewekwa chini ukizuia mlango wa korido usijifunge kwa upepo. Nikainama nikatazama kile kisaa chake. Mshale ulikuwa kwenye nyekundu. Nikauliza mlango wa nyuma uko wapi. Dada wa mapokezi, mtu mkarimu sana, akanionyesha. Ulikuwa na kufuli. Funguo anayo nani? Mlinzi. Mlinzi yuko wapi? Amekwenda kwao msibani, atarudi Jumatatu.

Sikulala vizuri, lakini nililala. Sote hufanya hivyo.

Kisa hicho ndicho kinachonifanya niseme kwamba ukaguzi wetu umegeuka kuwa suala la risiti. Mfanyabiashara wa Arusha ukimtajia zimamoto, hakutajii moto; atakutajia malipo. Na hana kosa lote. Mwaka 2018 serikali yenyewe, katika mpango wake wa kuboresha mazingira ya biashara, ule unaojulikana kama MKUMBI, ilikiri kwamba taasisi nyingi mno zilikuwa zinamkagua mtu yuleyule kwa jambo lilelile, kila moja na ada yake. OSHA, iliyoundwa kusimamia usalama mahali pa kazi, ilikuja kuangalia mitungi. Zimamoto nao wakaja kuangalia mitungi. Halmashauri nayo haikubaki nyuma. Mwenye duka akajifunza kuwaona wote ni mtu mmoja aliyebadilisha sare. Tangu hapo ada kadhaa zimepunguzwa au kufutwa, lakini mazoea hayafutwi kwa tangazo.

Mkaguzi mzuri hafanyi kazi ya risiti. Anatazama mtu atatokaje. Anasukuma mlango aone unafunguka kuelekea nje au ndani. Anahesabu vitanda katika bweni, kisha anahesabu milango. Anauliza sehemu ya kukusanyika iko wapi, halafu anamuuliza mtoto mdogo kuliko wote, si mwalimu mkuu. Anatazama nyaya zilizopita juu ya dari, na kama zimefungwa na fundi mwenye leseni au na kishoka aliyekuja na pikipiki siku ya sikukuu. Na anatazama nondo za madirisha.

Kwenye nondo nitakaa kidogo. Juni 1994, katika shule ya sekondari Shauritanga, Rombo, wasichana wapatao 40 walikufa bwenini usiku mmoja. Idodi, Iringa, Agosti 2009, wasichana 12. Byamungu, Kyerwa, Septemba 2020, watoto kumi. Ng'ambo ya mpaka, nchini Kenya, Kyanguli mwaka 2001 walikufa wavulana 67, na Hillside Endarasha kule Nyeri, Septemba 2024, wavulana 21. Visababishi vinatofautiana, kuanzia mshumaa hadi petroli iliyomwagwa makusudi. Lakini katika Kyanguli ilielezwa waziwazi: mlango mmoja umefungwa, madirisha yana nondo. Tunaweka nondo kwa sababu ya wezi, na wezi wapo kweli. Hakuna mzazi atakayekubali bweni la wasichana lisilo na nondo. Basi mtengenezee fundi wa kuchomelea mchoro mwingine. Dirisha moja kila chumba, nondo zake ziwe na bawaba, kufuli kwa ndani, funguo kwenye msumari ambao kila mtoto anaujua gizani. Gharama yake ni bawaba mbili.

Nyumba zetu za kawaida Kikwe hakuna anayezikagua. Hili si fumbo. Mkaguzi anakwenda penye kibao cha biashara, kwa sababu kibao kina leseni na leseni ina malipo. Nyumba ya tofali za kuchoma yenye sebule, vyumba vitatu na mlango mmoja wa mbele haina kibao. Ndani yake siku hizi kuna mtungi wa gesi, na ni vizuri. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa Mei 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034, na sina ugomvi nao, kifua cha mama yangu kimeshavuta moshi wa kuni wa kutosha. Ila kuni zinakuonya kwa moshi. Gesi inakuonya kwa harufu tu, na inatambaa chini sakafuni kwa sababu ni nzito kuliko hewa, ikitafuta jiko la mkaa ambalo bibi amelihifadhi kona ileile kwa ajili ya maharage, kwani maharage ya gesi, kwa kauli yake, hayana ladha. Nani amemwambia bibi afungue mlango kwanza na asiguse swichi? Aliyemuuzia mtungi alimpa risiti na mpira.

Dukani nako, chupa za petroli za bodaboda zimepangwa kando ya mafuta ya kula, rangi karibu zinafanana. EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, inakataza kuuza mafuta kwenye chupa na madumu. Kituo cha mafuta kiko barabara kuu. Bodaboda ameishiwa hapa. Kati ya katazo na kituo kuna kilomita kadhaa za vumbi, na ndimo chupa zinamoishi.

Na moto ukishawaka? Namba ni 114, bila malipo, na ni aibu kwamba watoto wanaijua zaidi kwa kuichezea kuliko watu wazima kwa kuitumia. Kejeli tunayoipenda ni kwamba zimamoto hufika moto ukishazima, tena bila maji. Askari wana majibu yao: mnapiga simu baada ya kushindwa, si kabla, hamjui kueleza mlipo, barabara mmezijengea vibanda, mabomba ya kujazia maji yamefunikwa na lami au na kontena. Soko la Samunge lilipoteketea Machi 2020, lilikuwa katikati ya jiji la Arusha, dakika chache kutoka kila kitu, na vibanda viliisha vyote. Soko la Kariakoo, lililoungua Julai 2021, lilikuwa katikati ya Dar es Salaam. Sasa chukua hali hiyo uilete Kikwe, ng'ambo ya mifereji na madaraja ya magogo. Gari la tani nyingi, limejaa maji, litapita wapi? Hata lije kwa nia njema kabisa, nyumba ya nyasi au banda la mabua halina nusu saa.

Mpakani mwa mashamba ya Kikwe kuna Taasisi ya Nelson Mandela, chuo cha sayansi na teknolojia ambacho anwani yake rasmi inasomeka kata ya Kikwe. Ndani ya uzio mna maabara zenye kemikali, mitungi na mabango ya njia za kutokea. Nje ya uzio kuna kibatari na ndoo. Simlaumu yeyote kwa hilo. Ndivyo maabara zinavyotakiwa kuwa. Nashangaa tu kwamba katika miaka yote ya chuo hicho uzio umekuwa mpaka wa aina mbili za elimu kuhusu kitu kimoja, kitu ambacho kwa tabia yake hakiheshimu uzio.

Nirudi kwenye kibali, maana hapo ndipo naona pa kuanzia. Katika sehemu nyingi za Marekani na Australia kibali cha kuchoma hakikulindi siku ya upepo: asubuhi hutazamwa hali ya hewa, na siku ikiwa mbaya mamlaka hutangaza kwamba leo hakuna kuwasha moto nje, mwenye karatasi na asiye nayo. Sisi tuna Mamlaka ya Hali ya Hewa inayotoa utabiri kila siku, na tuna simu mpaka kwenye mazizi. Mtendaji wa kijiji ana kundi la WhatsApp analotumia kuita watu kwenye mikutano na michango ya shule. Kusema "leo upepo, msiwashe; kesho mwisho saa mbili asubuhi" hakuhitaji bajeti. Ningefuta hata ada yote ya kibali cha mabua, mahali popote inapotozwa, kwa sharti moja, kwamba mwombaji aje na majirani zake wa pande nne, waonekane kwa macho. Mtu akilipia karatasi huona amenunua haki ya kuwasha. Akilazimika kumtafuta jirani, atakumbushwa kwamba jirani ana ng'ombe, ana bibi mwenye pumu, ana nyanya zilizokaribia kuchumwa. Mara nyingi mazungumzo hayo yatamaliza hata haja ya moto wenyewe.

Hayo si maoni ya kitabuni. Msimu uliofuata baada ya lile lundo nilikodi shamba lilelile. Nilipovuna nikaenda kwa mzee kabla ya jambo lolote, nikamwambia, "Baba, kesho nawasha." Akauliza nawasha nini. Nikasema mabua. Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyemwaga maziwa mara ya pili, kisha akaita vijana wake. Walifunga mabua yote mizigo, wakayabeba, shamba likabaki na kichuguu cha miiba na magugu kando ya mtaro, kitu cha kujaza mkokoteni mmoja.

Hicho tulikiwasha alfajiri, umande bado upo, yeye upande mmoja na ndoo, mimi upande mwingine na tawi la mwarobaini. Hakikutaka kushika. Tulimaliza karibu kiberiti kizima. Kilipokwisha kuungua akatembea akikizunguka mara mbili, akamwagia maji kisiki kimoja kilichokuwa bado kinafuka, akageuza ndoo, akaikalia, akaniuliza kama nimekuja na chai.